Dawa ya Damu, Darasa Jipya na Saa Moja ya Mama: Utafiti wa Vyuo Vikuu Unatuambia Nini Kuhusu Watoto Wadogo

Hotuba ya Mratibu wa Miradi ya Dayosisi kwa wajumbe wa kamati za diakonia na malezi za sharika za Tanga mjini, iliyotolewa Mabawa



Nimeombwa nizungumze juu ya utafiti wa vyuo vikuu kuhusu makuzi ya watoto wadogo na ustawi wa familia. Najua hapa kwetu neno utafiti likitajwa, wengine huficha vidole wakidhani sindano inakuja. Hawana kosa. Mkoa huu wa Tanga umechunguzwa sana. Miaka ya 1990 tulikuwa na UKUMTA, yaani Ushirikiano wa Kumwendeleza Mtoto Tanzania, uliofanya kazi na wataalamu wa vyuo vikuu wa ndani na wa Uingereza na kuonyesha kwamba walimu wa shule za msingi wanaweza kugawa dawa za minyoo na kichocho kwa gharama ndogo. Baadaye Korogwe ikawa moja ya vituo 11 katika nchi 7 za Afrika vilivyojaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kuanzia mwaka 2009, chanjo ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza itumike mwaka 2021. Damu ya watoto wa Tanga imo katika maarifa hayo. Kwa hiyo sisi si wageni wa utafiti. Tatizo letu ni kwamba majibu yake hayafiki katika vikao kama hiki, mahali ambapo fedha zinagawanywa.

Nisizunguke. Katika robo hii nimepokea maombi mawili, na yote yametoka kwenye moyo mwema. La kwanza ni la marafiki zetu wa nje, ambao wako tayari kututumia makatoni ya dawa ya maji ya kuongeza damu, ili kila mtoto katika vituo vyetu vya watoto wadogo apewe kijiko kila siku. La pili ni la kamati ya usharika mmojawapo, inayoomba fedha za kujenga darasa la pili la kituo cha chekechea, lenye dari, vigae na madirisha ya aluminiamu. Leo nataka tuyaweke maombi haya mawili mbele ya utafiti tuone yanasimamaje.

Tuanze na dawa ya damu, na kwa hilo inatubidi tuvuke maji kidogo tu, twende Pemba. Siku ya anga safi mvuvi wa Tanga hahitaji kuelezwa Pemba iko upande gani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani pamoja na wenzao wa Wizara ya Afya ya Zanzibar waliwafuatilia watoto 614 wa umri chini ya miaka mitano. Wengine walipewa madini ya chuma kila siku kwa mwaka mzima, wengine dawa ya minyoo, wengine vyote viwili, na wengine kitu kisicho na dawa ili walinganishwe. Karibu watoto wote wa eneo lile walikuwa na upungufu wa damu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001 na yalifurahisha: watoto waliopata madini ya chuma waliendelea vizuri zaidi katika lugha, na wale waliokuwa na damu kidogo sana waliendelea vizuri zaidi hata katika kutembea na kutumia viungo vyao. Kwa maneno mengine, mtoto asiye na damu hacheki sana, hasogei sana, haulizi sana, na kwa sababu hiyo hajifunzi. Mama anasema, "Huyu wangu ni mpole." Kumbe si upole.

Kama utafiti ungeishia hapo, mimi leo ningekuwa bandarini nasubiri makatoni yale. Lakini haukuishia hapo. Katika kisiwa kile kile watafiti waliamua kuangalia kundi kubwa zaidi, watoto zaidi ya 24,000, wa umri wa mwezi 1 hadi miezi 35, wakishirikiana na Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri iliyoko Wawi, Chake Chake. Safari hii waliuliza swali lililo karibu kabisa na ombi letu: je, tukimpa kila mtoto madini ya chuma na asidi ya foliki bila kumpima kwanza, itakuwaje? Mwezi Agosti 2003 kamati ya usalama ilisimamisha sehemu ya madini ya chuma kabla ya wakati wake. Watoto waliokuwa wakipewa chuma walikuwa wanalazwa hospitali au kufariki kwa wingi zaidi kuliko wenzao, tofauti ya asilimia 12. Pemba ya wakati ule ilikuwa na malaria nyingi, na ilionekana kwamba chuma cha ziada katika mwili wa mtoto mwenye vijidudu vya malaria, ambaye hakuwa na upungufu wa chuma, kinaweza kumdhuru.

Naomba nisieleweke vibaya. Ndani ya utafiti huo huo kulikuwa na kundi dogo la watoto waliopimwa na kutibiwa malaria kwa ukaribu zaidi. Katika kundi hilo, watoto waliokuwa kweli na upungufu wa chuma na upungufu wa damu walinufaika. Ndiyo maana ushauri wa Shirika la Afya Duniani leo haukatazi madini ya chuma kwa watoto wa maeneo ya malaria. Unasema yaende pamoja na kinga, vipimo na matibabu ya malaria. Chandarua, kipimo cha haraka na dawa mseto viwepo, ndipo kijiko kifuate. Tena upungufu wa damu hauna sababu moja. Kuna minyoo, kuna malaria, kuna selimundu, na kuna mtoto anayekunywa uji mweupe asubuhi na jioni bila dagaa, bila maharage, bila mchicha. Mtoto wa selimundu hasaidiwi na kijiko cha chuma kinachotolewa na mlezi wa chekechea asiyejua hali yake.

Kwa hiyo jibu langu kwa ombi la kwanza ni hapana, na nitawaandikia marafiki zetu kwa shukrani na kwa uwazi. Nitawaomba badala yake watusaidie nauli na chakula cha mchana cha wahudumu wa afya ngazi ya jamii watakaokuja vituoni kupima watoto na kuwapeleka zahanati wenye tatizo. Najua picha ya muuguzi akisoma kadi ya kliniki haipendezi kwenye kalenda kama picha ya makatoni yakishushwa. Wahisani mliopo hapa mtanisamehe.

Kuna jambo jingine linalohusu dawa, na hili limetoka ndani ya kanisa letu wenyewe. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, ilikuwa moja ya vituo vinane duniani vya utafiti mkubwa uliowafuatilia watoto tangu kuzaliwa, ulioanza mwaka 2009, pamoja na nchi kama Bangladesh, Peru na Nepal. Utafiti ule ulionyesha kwamba watoto wengi hubeba vijidudu vya tumbo hata wasipoharisha, na kwamba hali hiyo inakwenda pamoja na udumavu. Basi Haydom na Chuo Kikuu cha Virginia wakajiuliza: tukiwapa watoto dawa za kuua vijidudu hivyo mapema, na tukaongeza vitamini, watarefuka? Watoto 1,188 waliingia katika jaribio hilo. Majibu yalitoka mwaka 2021. Urefu wao wakiwa na miezi 18 haukutofautiana na wa wale ambao hawakupata.

Wapo watakaosema fedha zile zilipotea. Mimi naona wametuokoa. Fikirini ni sharika ngapi zingechanga na kununua dawa hizo kama isingejulikana. Udumavu katika nchi yetu umeshuka, kutoka asilimia 42 ya watoto chini ya miaka mitano mwaka 2010 hadi 34 katika takwimu za 2015/16, kisha 30 mwaka 2022. Haukushuka kwa chupa moja ya dawa. Na asilimia 30 maana yake ni kwamba katika kila watoto kumi mnaowaona wakicheza, watatu ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka, na mara nyingi ufupi huo huenda pamoja na kuchelewa katika kusema na kujifunza.

Sasa, kama si dawa peke yake, ni nini? Hapa utafiti unaojulikana sana unatoka Jamaika. Mwaka 1986 na 1987, mjini Kingston, Sally Grantham-McGregor na wenzake wa Chuo Kikuu cha West Indies walichukua watoto 129 waliodumaa, wa miezi 9 hadi 24, kutoka familia maskini. Kundi moja lilipewa maziwa ya lishe. Kundi jingine lilitembelewa nyumbani na mhudumu wa afya wa mtaani, mara moja kwa wiki, saa moja tu, kwa miaka miwili. Mhudumu hakuwa daktari. Alikuja na vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa vitu vya nyumbani, akakaa na mama, akamwonyesha namna ya kucheza na mtoto, kumwambia majina ya vitu, kumsifu akijaribu. Kundi la tatu lilipata vyote viwili, na la nne halikupata kitu. Miaka 20 baadaye waliwatafuta wale watoto, sasa ni watu wazima. Faida ya maziwa peke yake haikuonekana tena. Lakini wale waliotembelewa walikuwa na kipato kilichozidi cha wenzao kwa asilimia 25. Ni watoto wachache, na Kingston si Mabawa, hilo nalikubali. Lakini habari kama hiyo imeonekana karibu nasi. Katika vijiji 12 vya mkoa wa Morogoro, wahudumu wa afya ngazi ya jamii waliwatembelea akina mama nyumbani na kuzungumza nao juu ya afya, lishe na kucheza na mtoto. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yanaonyesha watoto hao walipata alama bora zaidi katika ufahamu kuliko watoto wa vijiji visivyotembelewa.

Ndugu zangu, sisi kutembelea nyumba tunakujua. Mzee wa kanisa anatembelea. Jumuiya inakutana nyumba kwa nyumba. Tunakwenda kwenye msiba, tunakwenda kumwona mgonjwa, tunakwenda kuulizia ahadi ya mavuno ambayo haijalipwa (hapo hatuchelewi hata siku moja). Mtoto anapobatizwa tunasimama kanisani na kuahidi mbele za Mungu kwamba tutamsaidia mzazi kumlea. Baada ya hapo, mtoto huyo tunamwona lini tena? Kwa kweli wengi wetu tunamwona akija kipaimara.

Mtaa kama huu wetu mnaufahamu kuliko mimi. Familia inapanga chumba kimoja au viwili. Mama anaamka saa kumi usiku kuumua unga wa vitumbua au kuwahi samaki wa kukaanga. Baba yuko bandarini, kiwandani Pongwe au juu ya bodaboda. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anabaki na dada wa miaka tisa ambaye naye alipaswa kuwa shule. Anabebwa mgongoni, anatulizwa kwa kipande cha andazi, halii, na jioni kila mtu anashukuru kwamba hakusumbua. Hakuna aliyemtendea ubaya. Ila siku nzima hakuna aliyezungumza naye. Serikali katika Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021 na kupangwa hadi 2025/26, inataja mambo matano: afya bora, lishe, malezi yenye mwitikio, fursa za kujifunza mapema, na ulinzi na usalama. Katika ripoti zetu za miradi mambo mawili ya mwanzo tunayajaza vizuri. Malezi yenye mwitikio tunaacha wazi, kwa sababu hatujui tuhesabu nini. Nawaambia tuhesabu matembezi.

Na akina baba je? Watafiti wa Harvard na wenzao wa Kitanzania walifanya kazi mkoani Mara katika vijiji 80, wakilinganisha vikundi vya akina mama peke yao na vikundi vya wazazi wote wawili, na mafunzo ya lishe peke yake na lishe pamoja na malezi. Lishe ilipounganishwa na malezi, ukuaji wa akili wa watoto ulinufaika zaidi kuliko lishe peke yake, na akina baba walioingizwa walishiriki zaidi katika ulezi. Sisi semina zetu zote za malezi tunaziweka Jumanne saa nane mchana, kisha tunalalamika kwamba wanaume hawaji. Dereva wa bodaboda hawezi kuja Jumanne saa nane. Anaweza kuja Jumapili baada ya ibada ya kwanza.

Nije kwenye darasa. Nimesema ombi la pili ni jengo. Mfano mzuri niujuao wa kituo cha watoto wadogo katika pwani hii haukutoka kwetu, umetoka kwa jirani zetu Waislamu, na hapa Mabawa tunapoishi ukuta kwa ukuta nao sioni sababu ya kuona haya kujifunza kwao. Miaka ya 1980, mjini Mombasa, mwalimu aitwaye Bi Swafiya Said alianza, kwa msaada wa mtandao wa Aga Khan, kuwafundisha wanawake wa mtaani kuwa walimu wa chekechea zilizofungamana na madrasa. Kazi hiyo ilifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Vifaa vyao ni vifuu, makopo, vizibo, makombe, mchanga, vitambaa, vitu vinavyookotwa. Nguvu yao waliiweka kwa mwalimu: mafunzo ya miezi, kisha mtu wa kumfuata darasani kwake, kukaa naye, kumrekebisha, kurudi tena. Jamii yenyewe ilipaswa kuunda kamati na kuchangia.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford pamoja na Peter Mwaura wa kituo cha Madrasa waliwapima watoto katika Kenya, Zanzibar na Uganda. Watoto waliokwenda chekechea yoyote waliendelea vizuri kuliko waliobaki nyumbani, na waliokuwa katika chekechea za Madrasa waliendelea vizuri zaidi kuliko wa chekechea nyingine. Tofauti hiyo ilikwenda pamoja na ubora wa ufundishaji na mazingira ya kujifunzia. Hakuna mahali niliposoma kwamba vigae vilichangia.

Nimeingia katika vituo kadhaa vya mji huu, vya dini na vya watu binafsi. Katika kimoja, chumba ni kizuri sana, rangi mpya, na watoto wa miaka mitatu wamekaa kwenye madawati ya darasa la nne, miguu inaning'inia, wanaimba "a, e, i, o, u" kwa saa nzima, na mlezi ana fimbo mezani. Wapo wengi kuliko mtu mmoja anavyoweza kuwaangalia. Mlezi huyo hakufundishwa, analipwa kwa kubahatisha, na baada ya miezi michache ataondoka aende kuuza duka. Kisha tunaleta mwingine. Tukimjengea darasa la pili, tutakuwa na vyumba viwili vya namna ile.

Sikatai jengo. Choo cha watoto lazima kiwepo, maji lazima yawepo, uzio lazima uwepo kwa sababu barabara iko karibu, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo visajiliwe na Afisa Ustawi wa Jamii avikague. Hayo tuyafanye kwanza. Lakini ombi la vigae, dari na aluminiamu nimelirudisha kwa kamati husika na kuwaomba waandike upya: mishahara ya walezi wawili kwa miaka mitatu, mafunzo yao, na mtu wa kuwafuatilia. Wamenuna kidogo. Tumezungumza vizuri baadaye.

Tena tusiwasahau watoto wenye ulemavu, ambao kwenye vituo vya mjini siwaoni kabisa. Dayosisi yetu ina historia katika jambo hili, tangu Shule ya Wasioona ya Irente hadi chuo kikuu kilichofunguliwa Magamba, Lushoto, mwaka 2007, ambacho elimu ya watoto wenye mahitaji maalumu ilikuwa miongoni mwa masomo yake ya mwanzo. Mtoto anayetembelewa nyumbani tangu miezi sita ataonekana mapema kwamba hasikii au hafuati mwanga kwa macho. Asiyetembelewa tunamgundua akiwa na miaka saba, amefichwa chumba cha ndani.

Neno kuhusu watafiti wenyewe, maana watakuja tena. Kamati ina haki ya kuuliza. Ulizeni kibali cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Ulizeni kama mzazi ameelezwa kwa Kiswahili na anaruhusiwa kukataa bila kunyimwa huduma. Ulizeni matokeo yatarudishwa lini na kwa njia gani, na muandike jina la atakayeyaleta. Mtafiti mwema hachukizwi na maswali hayo.

Utekelezaji. Vitabu vya kuongoza matembezi vipo na havinunuliwi. Shirika la Afya Duniani na UNICEF wametoa kadi za ushauri zenye picha kuhusu kucheza na kuzungumza na mtoto kwa kila umri, na wale wa Jamaika wametoa mtaala wao uitwao Reach Up. Kila usharika ulete majina ya watu wanne wa kujitolea, wawili wakiwa wanaume, wanaosoma na kuandika, wanaokubalika kwa majirani Wakristo na Waislamu, na wasiochapa watoto. Hilo la mwisho msilipuuze. Mafunzo yatakuwa Jumamosi. Kila mmoja atapewa nyumba tano, zisizidi, zenye mtoto wa chini ya miaka miwili, na daftari la kuandika siku aliyokwenda, alichokiona na alichocheza na mtoto. Si lazima nyumba iwe ya Msharika. Daftari litaletwa kwenye kikao cha kamati kila mwezi, likaguliwe sawasawa na daftari la sadaka.

Majina yapelekwe kwa mwinjilisti wa usharika wenu kabla ya mwisho wa mwezi. Kamati zenye maombi ya ujenzi zinione hapa nje baada ya chai, tupitie bajeti zao pamoja.